Kamati ya Vitanda

Kuna watu wakiona kiti kitupu wanakaa. Mume wa Matroni akiona kiti kitupu anakuwa mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa harusi, wa misiba, wa taa za mtaani, na wa wazazi wa shule ambayo watoto wake walishaimaliza zamani. Mwaka mmoja aliongoza kamati ya kumtafuta paka wa jirani. Paka alirudi mwenyewe kikao kikiendelea, akapita katikati ya wajumbe akaenda kunywa maziwa, na kikao hakikufungwa kwa sababu ajenda ilikuwa bado. Mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti. Hata mkewe alimwita hivyo, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea, na siku hizi kwa sababu hakukumbuka alikuwa akimwitaje kabla.

Matroni mwenyewe hakuwa mtu wa kuchezewa. Mpaka siku aliyostaafu alikuwa msimamizi wa wodi ya wanawake, na madaktari wenye vyeo vyao walikuwa wakinyoosha makoti wakisikia kikohozi chake kwenye korido. Lakini ukali wote ule ulibaki hospitalini na sare yake. Nyumbani alikuwa anajadiliwa, anapitishwa na kuahirishwa kama jambo lingine lolote.

Hospitali ilipouza magari yake ya zamani, alinunua moja la wagonjwa. Lilikuwa limechoka rangi tu. Injini ilikuwa nzima, na paa lake refu lilimruhusu mtu kusimama wima ndani bila kugonga kichwa. Akaamua kuligeuza nyumba ya magurudumu, waweke kitanda, jiko na choo, waende popote, walale humo humo, waamkie mahali wasipopajua.

Hapo kwenye "waende" alikuwa na maana ya watu wawili. Alilisema tangu siku ya kwanza, na lazima lisemwe tena hapa, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyelisikia. Tangu waoane, yeye na mumewe hawakuwahi kukaa siku nzima wawili tu. Asubuhi baada ya harusi, wifi yake, dada mkubwa wa Mwenyekiti, alikuja kusaidia kuosha vyombo, na inaonekana vyombo vyenyewe vilikuwa vichafu kupita kiasi, maana mpaka leo hajaondoka. Wakafuata watoto, wapwa, wageni wa kupita waliosahau kupita, na zamu za hospitali zilizomrudisha Matroni nyumbani mume akiwa anatoka kwenda kikaoni. Sasa watoto walikuwa na nyumba zao, na Matroni alikuwa na jambo lililomkaa kooni. Alikuwa anampenda huyu mwanaume, au alikuwa amempenda zamani, na alitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili kabla hawajafikia umri wa kushikwa mkono kwenda msalani.

Kwa hiyo akachora. Kitanda alikiweka nyuma kabisa, kikiwa wazi pande mbili, kwa sababu kitanda kilichobanwa na kuta pande tatu ni adhabu kwa anayetandika. Jiko likakaa karibu na mlango ili moshi na mvuke vipate pa kutokea. Choo kikapata kona yake, na mlango wa kusukuma pembeni usiomtoa mtu jicho. Katikati akaacha njia ya kupita mtu mzima mwenye mwili wa mtu mzima, kutoka mwanzo wa gari hadi mwisho, bila kukunja meza wala kufungua chochote. Na dirishani akachora viti viwili vinavyotazamana. Viti hivyo ndivyo alivyovifuta na kuvichora upya mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Mwenyekiti akavaa miwani, akaiinua ile karatasi, akaishusha, akaigeuza, akairudisha ilivyokuwa.

"Ni mawazo mazuri," akasema. "Tuyaundie kamati."

Kamati ya Ramani ikakutana sebuleni Jumapili mchana, matumbo yakiwa yamejaa. Wifi alikuwa mjumbe kwa haki ya ukubwa. Mdogo wake Mwenyekiti alikuwa mjumbe kwa utaalamu, maana wote walimwita Injinia, jina alilolipata kwa kuuza rangi katika duka lililotazamana na chuo cha ufundi. Mume wa binti yao alikuwa mjumbe kwa ajili ya vijana. Huyu bado aliitwa Bwana Harusi, ingawa suti ya harusi ilishakataa kumfunga tumboni. Na fundi wa karakana, ambaye ndiye angelijenga gari lenyewe, alialikwa kutoa ushauri. Huyo hakuwahi kumkatalia mteja kitu tangu azaliwe. Ungemwomba bwawa la kuogelea juu ya pikipiki angekuna kidevu, akapima hewa kwa mikono, akasema inawezekana.

"Mimi swali langu ni dogo tu," akaanza Wifi. "Wageni watakaa wapi?"

"Wageni gani, wifi? Tutakuwa safarini," akasema Matroni.

"Kwani huko safarini hakuna watu? Mtu akija kuwasalimia mtamkalisha kitandani?"

Wajumbe wakaguna kwa uchungu. Kweli, ilikuwa aibu ya kuzika mtu. Ikapitishwa kwamba gari liwe na sebule, na sebule iwe na makochi. Makochi yakaomba meza ya katikati, kwani makochi bila meza ni kituo cha polisi. Meza ikaomba vitambaa. Wifi akakumbusha kwamba mgeni hapewi kikombe cha kila siku, kwa hiyo likahitajika kabati la vioo la kuwekea vyombo vya wageni.

"Na gari likikata kona?" akauliza Matroni.

"Vyombo vinafungwa kamba," akasema Injinia, akamgeukia fundi kama mtaalamu kwa mtaalamu. "Si ndiyo?"

"Inawezekana," akasema fundi.

Sebule ilipomaliza kula nusu ya gari, wakafika kwenye vitanda. Wifi alitangulia kusema kwamba yeye hawezi kufumba jicho ndani ya gari walimofia watu, hata kwa kufungwa pingu. Kisha akaomba kitanda cha chini, upande wa dirishani. Injinia alikuwa lazima awepo, kwa sababu mitambo haitabiriki. Bwana Harusi akajitolea kuendesha ili mama asichoke. Mama huyo alikuwa na leseni safi tangu ujana wake, na yeye Bwana Harusi mwezi uliopita alirudi kinyumenyume akabomoa geti lake mwenyewe, lakini hakuna aliyelitaja hilo, kwa heshima ya vijana. Kiti cha mbele karibu na dereva kilikwenda kwa Mwenyekiti bila kupigiwa kura.

Matroni alikuwa akihesabu watu, na kila alipomtazama mumewe aligundua jambo lililomkata maini. Wifi aliomba nafasi moja tu. Injinia aliomba moja tu. Aliyekuwa akinyoosha shingo na kuuliza, "Nani mwingine? Hakuna mwingine?" alikuwa Mwenyekiti. Wajumbe walipokwisha, akakumbuka mpwa wao wa kule mbali. Mpwa alipokwisha, akapendekeza kiachwe kitanda kimoja cha dharura, kwa sababu mtu hajui atakutana na nani njiani.

"Vinapandana tu," Injinia akaeleza, akiweka kiganja juu ya kiganja. "Kimoja juu, kingine juu, kingine juu."

"Inawezekana," akasema fundi, safari hii akitazama dari.

Wodini kwake, kitanda kipya hakikuingia hivi hivi. Matroni alikuwa akichora nafasi yake sakafuni kwa chaki, kisha manesi wanapita, wanageuka na kubeba kama vile mgonjwa yupo, na wakigongana kitanda kinarudi stoo. Basi Jumapili iliyofuata wajumbe walikuta ua wa saruji nyuma ya nyumba umechorwa gari zima kwa vipimo vyake halisi. Ramani ilikuwa ile ile ya kamati, hakuibadilisha hata ncha ya kidole. Stuli za sebuleni zilikuwa makochi, sanduku la mbao lilikuwa kabati la vioo, ndoo iliyogeuzwa ilikuwa choo, na mikeka ilitandikwa mahali pa vitanda vya chini.

"Karibuni ndani," akasema Matroni. "Mstari wa chaki ni ukuta. Ukiukanyaga, umetoka nje na gari liko kwenye mwendo."

Wakaingia wakicheka. Kicheko hakikufika mbali. Injinia alikwenda kukagua kitanda chake, akafa mara tatu kabla hajakifikia, mara mbili kwa kuangukia barabarani na mara moja kwa kupita katikati ya jiko lililowashwa. Wifi alikaa kwenye kochi, magoti yakagusa meza, akasukuma meza ikagusa kabati, kabati likaziba mlango. Bwana Harusi alitakiwa kutoka kiti cha dereva kwenda msalani. Ili apite, Wifi ilibidi anyanyuke, na ili Wifi anyanyuke, Mwenyekiti ilibidi ashuke kwenye gari, na Mwenyekiti hakuweza kushuka kwa sababu mlangoni kulikuwa na kabati la vyombo vya wageni.

"Basi nivumilie tu mpaka tufike," akasema Bwana Harusi kwa upole.

"Tatizo ni kwamba hatujapanga utaratibu," akasema Injinia kutoka barabarani, ambako alikuwa amekufa tena. "Watu wakipeana zamu, nafasi ipo. Fundi, si ipo?"

Fundi alitazama lile rundo la watu waliosimama wameshikana kama nyasi za ufagio. "Inawezekana," akasema, "ila na kupumua pia iwe kwa zamu."

Bwana Harusi ndiye aliyeharibu mambo, na hakukusudia. Alikuwa bado amebanwa, akiangalia huku na huko kutafuta pa kupenya, macho yakampitia mkeka mmoja mmoja.

"Hiki cha shangazi," akasema. "Hiki cha baba mdogo. Hiki changu, hiki cha baba, juu mpwa, juu ile dharura. Sasa mama analala wapi?"

Wote wakainama kutazama chaki, kana kwamba Matroni angeweza kuwa amedondoka hapo chini mahali fulani.

"Shemeji si atakuwa jikoni?" akasema Injinia.

"Mtu halali jikoni, baba mdogo."

"Kuna kochi," akasema Wifi. "Wageni wakishaondoka."

Mwenyekiti akavuta pumzi, akapandisha sauti yake ya kikao. "Hoja imepokelewa. Naona hili tulipeleke kwenye kamati ndogo."

Matroni hakupandwa na hasira, au tuseme ilimpanda ikampita, ikamwacha ametulia kama alivyokuwa akitulia wodini mambo yanapokwenda kombo kabisa. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kile cha korido, na nyumba ile haikuwahi kukisikia. Wifi akanyooka. Injinia akajifunga kifungo cha shati.

"Kikao kimefungwa," akasema. "Wajumbe waende ndani. Mwenyekiti abaki."

Wakaenda, wengine wakikanyaga kuta bila kufa. Fundi alijibanza getini na futi yake ya chuma, akingoja aambiwe ajenge nini. Pazia la dirisha la jikoni likafunguka kidogo kwa upande wa Wifi.

Matroni akachukua ufagio na ndoo ya maji, akafuta sebule. Akafuta kabati, akafuta vitanda kimoja baada ya kingine, mpaka ikabaki mistari ya gari peke yake na saruji iliyolowa ndani yake. Kisha akavuta stuli mbili, akaziweka pale dirisha lingekuwa, zikitazamana. Akakaa moja. Mumewe akakaa nyingine, mikono juu ya magoti, akionekana mtu mpweke sana bila meza mbele yake.

"Nijibu kitu kimoja," akasema Matroni. "Kwa nini unawaita?"

"Wamejitolea wenyewe."

"Usinichezee. Nilikuwepo. Nimekusikia ukiuliza nani mwingine kama mpiga debe."

"Watu ni jambo jema, mama. Umoja wa familia..."

"Usinihutubie."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Bila miwani alikuwa na sura ambayo Matroni hakuwa ameiona kwa muda mrefu, sura ya kijana mmoja mwembamba aliyekuja zamani hospitalini na kidole kilichobanwa na mlango, akakaa foleni kutwa nzima ili tu afungwe bandeji na muuguzi yule na si mwingine.

"Mimi na wewe tu," akasema kwa sauti ndogo. "Asubuhi mpaka jioni. Wiki nzima. Tutaongea nini?"

Matroni alikuwa amejiandaa kwa majibu mengi. Alijiandaa kuambiwa kwamba ni woga wa kusafiri, ni mila, ni maneno ya watu. Hata mwanamke mwingine alikuwa amemwekea nafasi kichwani, na jibu la kumpa. Hilo la kuongea nini lilimwingia kama sindano, mpaka akaona aibu kwa namna lilivyouma. Alifungua mdomo amwambie kwamba kuna mengi, akatafuta moja la kuanzia. Akakuta dawa za presha za Wifi. Akakuta bomba linalovuja, deni la Injinia la maneno yasiyotekelezwa, na homa ya mtoto wa binti yao. Alipowatoa watu wote wale kwenye mazungumzo, kama alivyowafuta kwa ufagio, haikubaki kitu zaidi ya saruji mbichi. Na kilichomuudhi kuliko yote ni kwamba huyu mpumbavu alikuwa ameligundua jambo hilo kabla yake.

"Niulize kitu," akamwambia. "Chochote. Sasa hivi."

Mwenyekiti alijitahidi. Kwa hilo lazima apewe haki yake, alijitahidi kweli, jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu. Akatazama angani, akatazama viatu. Mwisho akakohoa kidogo na kuuliza:

"Kuna mengineyo?"

Matroni akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka pazia la jikoni likafunguka lote, na alipomaliza kucheka machozi yakaendelea yenyewe bila kicheko. Mumewe alimtazama akiwa hajui kama acheke naye au ambembeleze, na kwa kuwa hakuna mtu wa kumuuliza, hakufanya lolote.

Matroni akajifuta uso kwa kanga, akasimama.

"Fundi!"

"Naam, mama." Fundi akaja akijikung'uta.

"Karatasi yangu ile ya kwanza unayo? Jiko hivyo hivyo, choo hivyo hivyo, njia katikati. Kitanda badilisha. Kiwe cha mtu mmoja."

Fundi akafungua mdomo aseme neno lake, akamtazama mzee, akaufunga.

"Cha mtu mmoja," Mwenyekiti akarudia, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa nyumba yake. "Na mimi?"

"Wewe una watu."

Matroni akaivuta ile futi mwenyewe, akashika ncha moja, fundi ncha nyingine, wakaanza kupima pale nyuma, wakivuka mistari kwa mlango wake kama inavyotakiwa. Mwenyekiti alibaki kwenye stuli. Wajumbe walimwita kutoka dirishani, Wifi kwanza, kisha Injinia, kwamba aingie ndani wajadili. Hakugeuka. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, kama mtu anayejaribu kukumbuka namba ya simu ya zamani.

"Utaenda wapi?" akauliza.

Matroni akamwambia, bila kuacha kupima, kwamba ataanza na ile barabara ya milimani, kwa kuwa maisha yake yote aliisikia ikitajwa na wagonjwa waliotoka huko.

"Wagonjwa gani?"

Akamtajia mmoja, mama mzee aliyekuwa akiimba wakati wa kuchomwa sindano. Mwenyekiti akauliza aliimba nini. Akauliza kama alipona. Akauliza ilikuwaje siku ya kwanza Matroni alipofiwa na mgonjwa mikononi, na alirudije nyumbani jioni ile, na yeye mwenyewe mumewe alikuwa wapi. Matroni akamwambia alikuwa wapi. Alikuwa kwenye kikao. Akaiacha futi iende, akarudi kukaa kwenye stuli ya pili, kwa sababu hadithi nyingine haisimuliwi mtu akiwa amesimama, na mumewe akasogeza stuli yake karibu ili asikie vizuri. Jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Dirishani walichoka kuita, wakaenda kula.

Fundi alisubiri kwa adabu mpaka akaona hawana dalili ya kumaliza. Akasogea, akainama kwa Matroni, akanong'ona kwa sauti ambayo mzee aliisikia vizuri sana.

"Mama, samahani. Naona mmeelewana. Kile kitanda nikirudishe kuwa cha watu wawili?"

Mwenyekiti akashusha macho akasubiri, na masikio yake yalikuwa yamesimama.

"Hapana," akasema Matroni. "Kata cha mtu mmoja." Akamgeukia mumewe. "Endelea. Ulikuwa unaniuliza kitu."